Kabla ya Jiwe la Msingi

Katika Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, shule nyingi zimesimama kwa mifuko ya wazazi na ya makanisa. Tangu miaka ya 1990, Serikali ilipoacha kuwalipa walimu ipasavyo, baba na mama ndio waliobeba mshahara wa mwalimu kupitia ile inayoitwa prime, na ndio hao hao waliobeba mawe, mchanga na mabati siku za salongo, yaani kazi ya pamoja. Septemba 2019 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure katika shule za Serikali, madarasa yakafurika kabla madawati hayajaongezwa. Juu ya hayo, mauaji yaliyoanza kuuzunguka mji wa Beni Oktoba 2014 yamekuwa yakizisukuma familia kutoka vijijini kwenda mjini mwaka baada ya mwaka. Goma, mji mkuu wa jimbo la Kivu ya Kaskazini, ilipoanguka mikononi mwa waasi Januari 2025, ofisi za jimbo nazo zikahamia Beni. Watu wameongezeka, watoto wameongezeka, ardhi ni ile ile.

Kwa hiyo kamati ya wazazi inatafuta parsele, kiwanja cha kujengea shule. Butembo ni mji wa vilima, na mahali palipo tambarare, karibu na barabara, palichukuliwa zamani na wenye mtaji. Parsele kama hiyo ikitolewa leo kwa bei nafuu, basi jana ilikuwa na kazi yake: gereji, bohari la mafuta, kiwanja cha kupasulia mbao, kibanda cha kufufulia betri, duka la kununulia na kuchomea dhahabu. Kamati huuliza karatasi za umiliki, huuliza mipaka, huuliza kama kuna kesi mahakamani. Haiulizi ni kazi gani iliyofanyika juu ya udongo huo na ni nini kilichomwagika. Swali hilo, kwa maoni yangu, ni sehemu ya malezi sawa na chakula na chanjo, na mzazi anayeliruka amemwachia mtoto deni ambalo mtoto hakulikopa.

Tukizungumza juu ya wajibu wa mzazi, tunataja bugali mezani, minervali, nguo, adabu na sala. Udongo hatuutaji, kwa sababu tumeuzoea kama kitu cha kukanyaga. Mtoto mdogo haukanyagi tu. Anaukalia, anaupika katika makopo akijifanya mama, anaulamba vidoleni kabla hajaitwa kunawa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi, ile metali ya betri, katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka katika kiasi kile kile kilichomezwa. Aliyepungukiwa na madini ya chuma au kalisi hufyonza zaidi. Maana yake ni kwamba mtoto wa familia iliyokimbia shamba lake, anayekula mara moja kwa siku, ndiye ambaye sumu itamwingia kwa urahisi kuliko wote.

Na ubaya wa risasi ni ukimya wake. Haimwangushi mtoto kama malaria. Inamfanya awe mzito wa kushika somo, asiyetulia, mwenye hasira za ghafla. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi kupita uwezo wake atamwita mvivu, na nyumbani ataongezewa fimbo. Mwili huipokea risasi kana kwamba ni kalisi, huiweka mifupani, na huko inaweza kukaa kwa miongo. Msichana aliyecheza katika vumbi hilo akiwa na miaka 6 atakuja kubeba mimba, na siku mifupa yake itakapotoa kalisi kwa ajili ya mtoto aliye tumboni, itatoa na risasi pamoja nayo. Bibi atakayempokea mjukuu huyo mikononi hatakuwa na namna ya kujua kwamba jambo lilianza miaka 20 nyuma, katika uwanja wa shule ambao yeye mwenyewe aliusomba mchanga wake kichwani.

Nisieleweke vibaya. Butembo si Kabwe, ule mji wa Zambia ambako risasi ilichimbwa na kuyeyushwa kwa zaidi ya miaka 80 hadi mgodi ulipofungwa 1994, na ambako watoto bado wanaibeba damuni. Hatukuwa na tanuri kubwa wala moshi wa kampuni juu ya mapaa yetu. Tulicho nacho ni viwanda vidogo vidogo visivyoandikwa popote. Dhahabu ya Manguredjipa, ya Kasugho na ya upande wa Mambasa huingia Butembo kwa wanunuzi. Mchimbaji huikamata kwa zebaki, huikamua katika kitambaa, kisha huichoma ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Mnunuzi wa mjini, asiyetaka kulipia uzito wa zebaki iliyosalia, huichoma tena. Zebaki hairuki ikapotea. Mvuke wake huingia mapafuni mwa walio karibu, na sehemu yake hutua juu ya bati, ukutani na katika udongo wa uani. Mnunuzi akihama, ua hubaki, na ua ndio unaokuja kuuzwa.

Betri nazo. Umeme wa jua umekuwa mkombozi wa mitaa yetu na sina neno baya juu yake, ila betri zinakufa, na anayezifufua humwaga tindikali chini, hutoa bamba za risasi na pengine huziyeyusha hapo hapo. Thiaroye-sur-Mer, kiungani mwa Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sababu ya risasi ya betri kuukuu iliyokuwa imechanganyika na mchanga wa mtaa wao. Hapakuwa na kampuni kubwa pale. Walikuwepo mafundi na akina mama waliotafuta riziki, kama tulio nao sisi.

Anayetaka kuona mfano mkubwa ulio karibu avuke mpaka wa Kasindi aingie Uganda. Upande wa pili wa Rwenzori, kwa Bakonzo ambao ni ndugu wa Banande wa kwetu kwa damu na kwa lugha, mgodi wa shaba wa Kilembe ulifanya kazi tangu 1956 hadi 1982. Ulipofungwa uliacha zaidi ya tani milioni 15 za mabaki ya mawe yaliyosagwa, yamerundikwa ndani ya bonde lile lile unamopita mto Nyamwamba. Watu hawakuondoka. Nyumba za wafanyakazi ziliendelea kukaliwa, bustani zikalimwa, watoto wakaendelea kwenda shule bondeni. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yakala kingo za mto, yakabeba mabaki hayo na kuyasambaza chini. Watafiti walipochapisha matokeo yao 2016 walikuwa wamepima udongo, vyakula vya bustanini, maji ya kunywa, vumbi la ndani ya nyumba, na hata kucha za vidole vya miguu vya wakazi. Shaba na kobalti vilionekana katika safari hiyo yote, kutoka rundo hadi kwenye mwili wa mtu.

Kilembe ina funzo jingine ambalo halipendezi. Huko Kasese chini, kulikuwa na rundo la pairiti lenye kobalti, karibu tani milioni moja, ambalo maji ya mvua yaliligeuza tindikali iliyotiririka ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth kuelekea ziwa George na kuacha ukanda wa ardhi usioota kitu. Mwaka 1999 kampuni ilianza kulichakata rundo hilo kwa kutumia bakteria ili kutoa kobalti, na rundo likapungua. Mabaki yaliyo bondeni kwa watu yakaachwa. Uchafu wenye soko hupata msafishaji. Uchafu usio na soko humngoja mzazi.

Wapo wanaodhani kwamba nchi tajiri hazifanyi makosa ya namna hii. Katika mji wa Niagara Falls, Marekani, kampuni ya Hooker ilijaza mfereji wa Love Canal kwa zaidi ya tani 20,000 za taka za kemikali, ikaufukia, na mwaka 1953 ikaiuzia bodi ya shule ardhi hiyo kwa dola 1. Mkataba wenyewe ulitaja taka hizo. Bodi ilijua, ikajenga, na shule ikafunguliwa 1955. Watoto walicheza hapo kwa zaidi ya miaka 20. Aliyeanza kugonga milango ya majirani akiuliza habari za magonjwa alikuwa mama wa nyumbani, Lois Gibbs, ambaye mtoto wake alisoma shuleni hapo. Agosti 1978 hali ya hatari ilitangazwa, shule ikafungwa na familia zikahamishwa. Karatasi ilikuwepo, wasomi walikuwepo, wanasheria walikuwepo. Bei ya dola moja ilikuwa tamu mno. Kamati zetu, ambazo huchangishana faranga kwa faranga, zina udhuru zaidi kuliko bodi ile, lakini mapafu ya watoto hayasikilizi udhuru.

Je, ardhi iliyoharibika inaweza kurudishwa ikawa mahali pa watoto? Inaweza, kwa kiasi, na anayeahidi zaidi ya hapo anauza kitu. Mfano wa nchini kwetu uko Lubumbashi. Tanuri la shaba lilianza kufanya kazi huko 1911, na kwa miongo mingi upepo ulipeleka moshi wake upande mmoja, hadi eneo la Penga Penga likabaki na udongo mtupu, wenye tindikali, uliojaa shaba. Mylor Ngoy Shutcha na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kuurudishia uhai kwa vitu vya kawaida: chokaa ya kupunguza tindikali, mboji, na nyasi ambazo kwa asili huota katika vilima vya shaba vya Katanga, hasa ile iitwayo Microchloa altera. Nyasi ilishika. Tazama lakini inachofanya na isichofanya. Shaba haikuondoka. Imefungwa mahali pake, vumbi haliruki, mvua haiibebi kirahisi. Mahali pa namna hiyo panaweza kuwa ukingo wa kijani unaowalinda walio upande wa pili. Kupafanya uwanja wa mpira wa watoto wa darasa la kwanza ni jambo jingine kabisa.

Na inachukua muda. Bamburi, karibu na Mombasa, René Haller alianza 1971 kupanda miti katika machimbo matupu ya kiwanda cha saruji. Kati ya aina 26 alizojaribu, 3 tu ndizo zilizopona, mvinje mmojawapo, na ilibidi jongoo waletwe wale majani yake makavu ili udongo upatikane. Leo watoto wa shule hupelekwa pale kutembea. Ile haikuwa ardhi yenye sumu, ilikuwa mwamba mtupu tu, na bado iliwadai watu miaka.

Narudi kwetu, kwenye jambo ambalo halihitaji maabara. Butembo yenyewe ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kama kambi ya kampuni ya madini, MGL. Waliofanya kazi humo wamezikwa, na watoto wao sasa ni wazee. Wazee hawa wanajua gereji ya nani ilikuwa wapi, pipa la mafuta lilipasuka mwaka gani, mbwa na kuku walikufa karibu na shimo lipi. Zamani kijana alikaa katika kyaghanda, baraza la ukoo, penye moto, akasikiliza wakubwa wakieleza mashamba ya ukoo na historia yake. Mafunzo yale yalihusu ardhi kuliko kitu kingine chochote. Leo tunawaita wazee siku ya kuweka jiwe la msingi, wabariki, wapigwe picha. Tuwaite mapema zaidi, kabla faranga ya kwanza haijatoka, waketi na kamati na mtu wa kuandika. “Tata, hapa palikuwa nini kabla ya nyumba hii? Na kabla ya hiyo?” Mzee naye ana deni lake katika jambo hili. Anayejua kwamba mahali fulani pana shida akanyamaza kwa kuwa muuzaji ni mkwe wake, hajamlinda mkwe. Amewatoa wajukuu kafara.

Baada ya wazee huja koleo. Chota udongo wa juu, kina cha vidole viwili, sehemu nyingi za uwanja, hasa chini ya mchirizi wa mapaa, penye madoa meusi na pasipoota majani. Peleka ukapimwe. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kiko Butembo tangu 1989, kina watu wa kilimo na watu wa tiba, na kamati yenye barua nzuri inaweza kuwaendea kuomba mwongozo wa wapi na vipi. Ikiwa madoa ni ya mahali pamoja, udongo ule huchimbwa, huondolewa kwa kufunikwa usipeperuke, na hupelekwa mahali palipokubaliwa na kuandikwa. Kuumwaga bondeni karibu na mto Kimemi ni kuiondoa sumu kwa mtoto wako ili imuue wa jirani. Palipobaki hufunikwa udongo safi uliotoka mbali, kisha nyasi nene au zege. Bustani ya mboga ya shule isiwe hapo, wala kisima. Viatu viachwe mlangoni mwa darasa la watoto wadogo. Sakafu ipigwe deki kwa maji, maana ufagio mkavu huinua tena vumbi.

Kuhusu sakafu nina sababu ya pekee. Shule zetu si za wanafunzi tu. Vijiji vikishambuliwa, madarasa ya Beni na Butembo hugeuka malazi ya waliokimbia, wakalala chini, wakapika uani, watoto wanaotambaa wakawa hapo saa zote 24. Jumapili uwanja ni wa ibada, Jumamosi ni wa mpira na harusi, na siku nyingine ni wa matanga. Anayepima hatari ya uwanja kwa saa za masomo peke yake amehesabu nusu ya watu wake, tena nusu iliyo salama zaidi.

Tahadhari nyingine tumejifunza kwa machozi. Ebola iliyotangazwa 1 Agosti 2018, ikaanzia Mangina na kuipiga Beni, Katwa na Butembo, iliua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha 25 Juni 2020. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Chuki ile ilikuwa na mizizi mingi, na mmoja ni kwamba wageni walikuja na hatari isiyoonekana na maneno ambayo hatukushirikishwa. Atakayesimama kesho kuwaambia wazazi kwamba uwanja walioujenga kwa jasho una sumu, awe mtu wa mtaa, aseme kwa Kinande na Kiswahili, aonyeshe kipimo kilivyochukuliwa, na wazazi wawe wameshuhudia koleo likiingia ardhini. Ndoo za kunawia mikono zilizowekwa milangoni mwa shule wakati ule hazikupaswa kuondolewa. Maji na sabuni hupunguza risasi vidoleni kama yanavyopunguza virusi.

Sheria ipo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, na papo hapo kinamtwika wajibu wa kuyatetea. Sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011 imeweka misingi ya kuyalinda. Lakini mzazi asiingoje mahakama ndipo alee. Kule Owino Uhuru, Mombasa, Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha betri, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa 2014. Hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 na amri ya kusafisha mtaa ilitoka Julai 2020, ikatenguliwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha Desemba 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofungwa alikuwa na miaka 10.

Linabaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni mfadhili. Kwetu mfanyabiashara aliyefanikiwa huona ni heshima kuitoa parsele yake ya zamani ijengwe shule, na heshima hiyo ni ya kweli. Bila watu hao nusu ya mabati ya mji huu yasingekuwepo. Kumkatalia ni kumwaibisha, hasa kama ndiye anayelipia pia harusi za watoto wa wanakamati. Hata hivyo mwenyekiti lazima amwendee, akiwa na mzee mmoja na mama mmoja wa kamati, nyumbani kwake wala si hadharani, amweleze kwamba kamati itapokea ikiwa atakubali mambo mawili: udongo upimwe kwanza kwa gharama yake, na historia ya mahali iandikwe ndani ya hati ile ile ya kutoa, kwa saini yake na ya chefu wa kartiye, nakala ikae shuleni. Wengi watakubali, kwa kuwa hata wao hawakuwahi kulifikiria. Asiyekubali arudishiwe hati yake kwa shukrani, na kamati iende ikakichonge kilima kilichobaki, kwa ukuta wa mawe na gharama maradufu.